Kidole Kina Bei Gani?

Ndugu msomaji, nina swali ambalo limeninyima raha kwa muda mrefu, na leo naliweka mezani kama lilivyo. Mtu akikatwa kidole na mashine kazini, nami nikaenda kwa tajiri wake kumwomba aizibe mashine ile asije akakatwa mwingine, je, ni halali nimwambie kwamba kidole kile kimemtia hasara? Yaani nisitaje maumivu, wala haki, wala utu. Nitaje hasara tu. Nimwambie: mzee, ungeiziba mashine ungepata faida.

Wapo watakaosema hilo nalo ni swali gani, sema lolote ali mradi mashine izibwe. Na wapo watakaosema ni aibu, kidole cha mwanadamu si nyanya za kupimwa kwenye mizani ya Kariakoo. Nimekaa vijiweni na watu wa pande zote mbili, na kila upande una la kusema. Lakini mimi si mwanafalsafa. Mimi nikiulizwa jambo natafuta kisa, na hapa kisa ninacho.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa haya haya ya wengi wetu, na tangu hapo usiku nashika kalamu na mchana nashika chochote kinachoshikika. Kwa miezi minane mambo yaligeuka, mchana nikawa nalala, kwa sababu nilipata kibarua katika kiwanda kidogo cha mikate, mitaa michache tu kutoka Kariakoo. Jina la kiwanda sitalitaja. Tulikuwa watu kama ishirini, wengi wa kulipwa kwa siku. Kazi ilianza saa nne usiku, ili ifikapo saa kumi na moja alfajiri, wenye maduka na vijana wa baiskeli wanapokuja na matenga yao, mikate iwe imepoa na iko ndani ya mifuko.

Mashine ya kukandia unga ni sufuria kubwa la chuma linalozunguka, na ndani yake mna mkono wa chuma uliopinda unaouchota unga na kuusokota, kuuchota na kuusokota. Ukiitazama sana inakupa usingizi. Mashine za namna hiyo huja na kifuniko cha wavu wa nondo, na ukikiinua mashine inasimama yenyewe. Yetu kifuniko kilishang'olewa kabla sijafika. Niliambiwa kilikuwa kinachelewesha kazi: kila ukitaka kuongeza maji au kukwangua unga ulioganda pembeni, ufunue, usubiri, ufunike, uwashe upya. Basi tukawa tunakwangua huku inazunguka. Wote. Nami pia.

Mwenzetu mmoja, tuliyemwita Fundi kwa kuwa alikuwa wa zamani kuliko sote, alivutwa mkono usiku mmoja wa Ramadhani, wakati oda ni nyingi. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Wanaoandika hadithi za kusisimua wanajua namna ya kuongeza damu hapa. Mimi nitasema tu kwamba Fundi hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya gunia, akaushika mkono wake kama mtu aliyeshika kifaranga, na ukimya ule ndio uliotutisha.

Alipelekwa polisi kuchukua PF3, kisha hospitali. Tajiri alilipa dawa na kumpa fedha za kujikimu za majuma kadhaa, akamwambia apone kwanza. Alipopona akarudi, akakuta nafasi yake ina mtu.

Tafadhali usimchore tajiri wetu kwa pembe na mkia. Ningekuwa naandika riwaya mbaya ningemfanya mnene, mwenye sigara kubwa. Hakuwa hivyo. Alituita wanangu, tulimwamkia shikamoo akaitikia marahaba, sikukuu alitupa mchele na nyama, na yeye mwenyewe alikuja saa kumi alfajiri kuhesabu mikate. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kama tatizo lingekuwa ukatili, dawa yake ingekuwa rahisi: mahubiri.

Sasa mimi nina kaugonjwa ka kuandika kila kitu. Nikachukua karatasi ya mfuko wa unga nikapiga hesabu. Usiku ule donge zima la mfuko mmoja wa kilo 50 lilitupwa. Hapo pametoka mikate kama 150. Mashine ilisimama hadi ikaoshwa, na madonge mengine mawili hayakukandwa. Jumla mikate 450 haikuuzwa. Mwenye duka mmoja aliyekuja alfajiri akakuta trei tupu alikwenda kwa mwokaji wa Ilala, na hakurudi tena, maana mteja wa mkate ni kama paka, akihama ndio amehama. Kibarua mpya aliyewekwa mahali pa Fundi aliungua, akaunguza, akazidisha hamira, kwa majuma mawili mikate ikawa inatoka kama mito ya kulalia. Sisi wengine tukawa tunaisogelea mashine kwa woga, na mwoga hafanyi kazi haraka. Nikaenda Gerezani kwa wachomeleaji kuulizia bei ya kifuniko cha nondo. Kilikuwa bei ya mifuko miwili ya unga, na kazi ya mchana mmoja. Kwa hesabu yangu kifuniko kile kingejilipa kabla ya saa nne asubuhi ya siku ile ile.

Niliongeza na mambo mengine, maana kiwanda cha chakula kina siri moja: kinachomdhuru mfanyakazi mara nyingi ndicho kinachoharibu chakula. Sakafu yenye mafuta na maji inayomtelezesha kibarua ndiyo inayofuga mende. Mtu aliyesinzia kwa kufanya kazi zamu mbili mfululizo ataunguza mkate na mkono wake kwa wakati mmoja. Unga unaoelea hewani humwingia mwokaji kifuani, nayo pumu ya waokaji ni maradhi yanayojulikana tangu zamani. Na vumbi hilo hilo la unga likizidi ndani ya jengo lililofungwa, cheche moja inatosha kulilipua kama petroli. Tarehe 2 Mei 1878, huko Minneapolis, Marekani, kinu kikubwa cha unga cha kampuni ya Washburn kililipuka kwa vumbi na kuua watu 18. Mwenyewe alikijenga upya, safari hii kikiwa na mitambo ya kufyonza vumbi, na kinu kipya kikawa kikubwa kuliko vyote duniani kwa wakati ule. Unga ambao zamani ulipotea hewani uliingia gunia. Hapo unamwonyesha mfanyabiashara jambo analoliona kwa macho: usalama ukauzwa kwa kilo.

Basi nilikwenda kwa tajiri na karatasi yangu. Aliisoma yote, kwa miwani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema: "Kijana, wewe una akili ya hesabu. Ungesoma biashara." Kisha akachukua kalamu yangu, ndugu msomaji, kalamu yangu mwenyewe, akageuza karatasi upande wa pili.

Akaniuliza, mashine hii ninayo mwaka wa tisa, imekata watu wangapi? Nikasema ninayemjua ni mmoja. Akaandika moja. Akaniuliza, kifuniko kinachelewesha donge moja kwa dakika ngapi? Nikasema labda nne. Akazidisha kwa madonge ya usiku mmoja, akazidisha kwa siku za mwaka, akazidisha kwa tisa. Akagawanya kupata mikate. Tarakimu iliyopatikana iliimeza mikate yangu 450 kama papa anavyomeza dagaa. Akanirudishia kalamu. "Na Fundi?" nikauliza. "Fundi nimemsaidia," akasema, na kweli alikuwa amemsaidia. Nje ya geti, kama kila alfajiri, walikuwa wamesimama vijana sita wakisubiri kuona kama kuna mtu hakuja kazini.

Nilitoka pale nimenyamaza, na nilichukua siku nyingi kuelewa kilichotokea. Hesabu yake haikuwa ya uongo. Yangu pia haikuwa ya uongo. Tofauti ni kwamba zote mbili zilikuwa hesabu za mfuko wake, na katika mfuko wake vidole vya Fundi havikuwa na safu. Gharama kubwa ya ajali ile haikuwa mikate. Ilikuwa mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi ambaye sasa hawezi kushika mpini wa trei. Mke wake aliyelazimika kuanza kukaanga maandazi barabarani na kukimbizana na mgambo. Mtoto aliyetolewa shule ya kulipia. Gharama hiyo ililipwa, na ililipwa yote mpaka senti ya mwisho. Ila aliyelipa alikuwa Fundi. Tajiri hakuiona kwa kuwa haikupita mlangoni kwake.

Hapa ndipo ninapogombana na maneno matamu yanayosemwa kwenye semina, kwamba usalama unalipa na kwa hiyo kila mwajiri mwenye akili atautafuta mwenyewe bila kusukumwa. Unamlipa nani? Kwenye kampuni kubwa yenye mafundi waliosomeshwa kwa gharama, ambako mtu mmoja akiumia kumpata mwingine ni kazi ya miezi, maneno hayo yanaweza kuwa kweli bila msaada. Mwaka 1987 kampuni ya Alcoa ya Marekani, watengenezaji wa aluminiamu, ilipata mkuu mpya, Paul O'Neill, aliyewaambia wenye hisa kwamba jambo lake la kwanza ni kuzuia wafanyakazi wasiumie. Wapo waliodhani amerukwa na akili. Alipoondoka mwaka 2000 faida ilikuwa imepanda mara tano hivi. Lakini kinachonivutia kwa bwana yule ni kwamba hakutaka wahasibu wake wapige hesabu ya fedha zilizookolewa na usalama. Aliogopa kwamba siku watu wakidhani usalama ni mradi wa kupunguza gharama, hawatauamini tena. Sawa, lakini yule alikuwa na wafanyakazi ambao kila mmoja ana thamani sokoni. Kariakoo thamani ya kibarua sokoni ni hao sita getini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama usalama unaleta faida, inabidi uulize ni nani aliyeifanya ajali iwe hasara. Na jibu, kila nikipekua, nakuta ni sheria.

Hebu tutazame kwetu. Kwa miaka mingi fidia ya mtu aliyeumia kazini Tanzania Bara iliongozwa na sheria ya kikoloni ya mwaka 1949. Fidia ya juu kabisa ya ulemavu wa kudumu iliwekwa kwa tarakimu, na tarakimu hiyo ilifikia shilingi 108,000, ikasimama hapo hapo. Shilingi ikashuka, bei ya unga ikapanda, serikali zikabadilika, soko huria likaja, tarakimu ikasimama kama sanamu ya Askari. Ilifika mahali kiwango cha juu cha sheria kwa mtu aliyepoteza mikono yote miwili hakinunui hata baiskeli nzuri. Sasa mwambie mwajiri wa wakati huo kwamba usalama una faida! Sheria yenyewe ilikuwa imemwandikia bei ya mkono, na ilikuwa bei ya kutupa.

Ndipo ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko ukaanza kukusanya michango mwaka 2015. Mwajiri anachangia sehemu ya jumla ya mishahara anayolipa, haruhusiwi kumkata mfanyakazi, na aliyeumia analipwa na Mfuko kwa kufuata mshahara wake na kiasi cha ulemavu wake. Akibaki mlemavu sana analipwa pensheni ya kila mwezi. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia moja, ikateremshwa, na tangu 2022 ni nusu asilimia. Kwa mwajiri anayelipa mishahara ya milioni kumi kwa mwezi hiyo ni elfu hamsini. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950, na Wakala wake, OSHA, ulioanzishwa 2001. Sheria hiyo inataka mahali pa kazi pasajiliwe, wafanyakazi wapimwe afya, sehemu za mashine zinazozunguka zizibwe. Mkaguzi akikuta hatari anaweza kuzuia mashine isiwashwe.

Hilo la mwisho ndilo ambalo tajiri wangu hakuliweka katika hesabu yake, na hakuliweka kwa sababu katika miezi yangu minane sikumwona mkaguzi hata mmoja. Weka siku tatu tu za mashine kuzuiwa upande wa pili wa karatasi ile, uone jinsi tarakimu yake inavyonywea. Dakika nne za kufunua na kufunika zinageuka kuwa biashara nzuri. Kifuniko ni kile kile, mashine ile ile, vidole vile vile. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye mamlaka amesema kidole hiki hakiko bure.

Ni haki pia niseme palipo na tundu. Nusu asilimia ni ile ile kwa mwenye kuziba mashine na kwa mwenye kuiacha wazi, kwa hiyo katika mchango peke yake mwangalifu na mzembe wako sawa. Halafu kibarua. Sheria inamtambua, lakini daftari la mishahara halimjui. Analipwa mkononi jioni au alfajiri, hana karatasi, na asiye na karatasi akiumia inabidi kwanza athibitishe kwamba yupo. Fundi alikuwa pale miaka saba na hakuwa na kipande kimoja chenye jina lake. Washikaji mnaosoma hapa na mnaofanya kazi za siku, andikeni tarehe zenu na majina ya mnaofanya nao kazi, hata kwenye kava la daftari. Nasema hivi pembeni, tuendelee.

Kwa sisi tunaotaka kuwa waandishi kuna kisa kingine kinachouma zaidi. Mwaka 1906 kijana wa Kimarekani wa miaka 27, Upton Sinclair, alitoa riwaya iitwayo The Jungle. Alikuwa amekaa majuma kadhaa Chicago kwenye viwanda vya nyama, akawaona wahamiaji wakikatika vidole, wakiungua kwa tindikali, wakiugua kifua kwenye vyumba vya baridi. Alitaka wasomaji wawahurumie watu hao. Wasomaji walisoma, wakashtuka kweli kweli, lakini walichoshtukia ni nyama. Waliuliza: kumbe tunakula nini? Tarehe 30 Juni mwaka ule ule Rais Theodore Roosevelt akatia saini sheria mbili, ya ukaguzi wa nyama na ya usafi wa vyakula na dawa. Mwandishi mwenyewe alikiri baadaye kwamba alilenga moyo wa taifa akapiga tumbo. Na matajiri wakubwa wa nyama, baada ya kupinga kidogo, waliona kwamba muhuri wa serikali unawasaidia kuuza Ulaya, ambako nyama yao ilikuwa imeanza kukataliwa. Faida ilipatikana. Mkata nyama akaendelea kukatika.

Nasimulia hili kwa sababu sisi pia tumegawanya mkate na mwokaji. Mkate una shirika lake: TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA. Mwokaji ana OSHA. Tajiri yeyote wa mikate atakwambia bila kuficha ni kipi kati ya hivyo viwili anakiogopa zaidi. Mlaji akipata nywele ndani ya mkate atapiga kelele mtaa mzima. Kidole kikipotea, mkate unaofuata unatoka mweupe, mlaini, na hauna habari.

Na hesabu ya mwenye mali, ikiachwa peke yake, inaweza kufika mbali. Septemba 3, 1991, katika mji mdogo wa Hamlet, North Carolina, kiwanda cha kukaanga kuku cha Imperial Food Products kilishika moto. Mafuta ya mtambo yalivuja karibu na jiko. Watu 25 walikufa, wengi kwa moshi, kwa sababu milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Ilifungwa kwa nini? Ilielezwa kuwa ni kuzuia wafanyakazi wasiibe kuku. Kiwanda kilikuwa kimefanya kazi miaka 11 na mkaguzi wa usalama wa jimbo hakuwahi kuingia. Kwa miaka 11, basi, kufuli lilikuwa dili: kuku hawapotei. Mwenyewe alikiri kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa karibu miaka 20, na kiwanda hakikufunguliwa tena. Ukipiga hesabu ya miaka 11 kufuli linaleta faida. Ukiongeza siku moja juu yake, kila kitu kinateketea. Lakini ni nani aliye tayari kumsikiliza mtu wa siku moja wakati ana miaka 11 inayomtetea?

Kwetu tumeshaonja uchungu wa namna hiyo. Tarehe 23 Mei 2024 katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Morogoro, mlipuko wa bomba la mvuke uliua watu 11. Sina la kusema juu ya kosa la nani. Ninachokumbuka ni kwamba asubuhi iliyofuata, kwenye mgahawa wa Mtaa wa Msimbazi ninakokunywa chai, watu waliisoma habari ile huku wakikoroga sukari.

Nirudi kwenye swali. Rafiki yangu mmoja, mshairi, hataki kabisa kusikia habari ya faida. Anasema ukishamwambia tajiri kwamba kidole kina hasara ya mikate 450, umekubali kwamba siku hasara ikiwa mikate 10 kidole kinaweza kwenda. Anasema afadhali ushindwe ukiwa umetaja haki kuliko ushinde ukiwa umetaja bei. Maneno mazuri, na mshairi anastahili kuyasema. Lakini yeye hajawahi kukwangua unga pembeni ya mashine inayozunguka, na yule kibarua mpya aliyechukua nafasi ya Fundi hana haja ya kushindwa kwa heshima. Ana haja ya wavu.

Mimi nasema hivi. Kumweleza tajiri kwa lugha ya faida si dhambi, kama vile kumweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa si dhambi. Ila ni lazima ujue lugha hiyo inaishia wapi. Inaishia pale anapogeuza karatasi. Kutoka hapo huwezi kusonga mbele kwa kumwonyesha hesabu zaidi, maana hesabu zake zitakuwa sahihi siku zote kwa mtu aliyekaa anapokaa yeye. Kutoka hapo unahitaji mtu wa tatu, mwenye kalamu nyingine, anayeweza kuongeza safu ambayo wewe na tajiri hamwezi kuiongeza. Huyo ni mkaguzi mwenye uwezo wa kuzima swichi, na nyuma yake Bunge. Na hao hawawezi kuwekwa pale kwa hoja ya faida, kwa sababu wao ndio wanaoileta hiyo faida. Wanawekwa pale na watu walioamua, kabla ya hesabu yoyote, kwamba mtu asirudi nyumbani na vidole pungufu kwa ajili ya mkate. Mshairi wangu ana haki juu ya jambo hilo. Ila anaipeleka haki yake kwa tajiri, wakati ilipaswa kupelekwa Dodoma.

Watu hupenda kusema kwamba kanuni ni adui wa mfanyabiashara mdogo, na wapo maofisa wanaofanya usemi huo uonekane kweli, wanaokuja kwa ajili ya risiti kuliko mashine. Lakini fikiria waokaji wawili wa mtaa mmoja. Mmoja ameweka kifuniko, anapoteza dakika nne kila donge. Mwingine hajaweka, na mkate wake unapungua bei kidogo. Bila sheria, yule mwema anaadhibiwa kila alfajiri kwa wema wake, mpaka siku atakapokwenda kukifungua kifuniko mwenyewe. Sheria inayowabana wote wawili sawasawa inamfanya mwema aweze kubaki mwema bila kufilisika. Nikiulizwa usimamizi wa usalama una faida gani ya kibiashara, nitataja hii kwanza.

Mwaka jana nilikwenda tena Gerezani, kwa yule yule mchomeleaji, safari hii kwa ajili ya riwaya yangu, maana sura ya nne inataka mtu anayetengeneza vifuniko na nilitaka kujua anashikaje nondo. Nilimuuliza wateja wake wa vifuniko ni akina nani. Akasema wengi huja baada ya ajali, wengine wanakuja wakiwa na karatasi ya mkaguzi mkononi, wamenuna. Wanaokuja wenyewe ni wachache.

Tukiwa tunaongea akaja mama mmoja wa makamo, mwenye mashine ya kusaga karanga na viungo huko Buguruni. Alikuwa na vipimo vyake kwenye kipande cha boksi: upana wa puli, urefu wa mkanda. Nikamuuliza, mama, shikamoo, kuna mtu ameumia? Akasema marahaba mwanangu, hapana, hajaumia mtu. Nikamuuliza basi ni mkaguzi? Akanitazama kama ninayeuliza mambo ya ajabu. Akasema mashine anaiendesha yeye mwenyewe na binti yake, na binti amesuka nywele ndefu. Kisha akamgeukia fundi, akamwambia nondo za nusu inchi ni nene mno kwa kazi ile, ampunguzie elfu tano.